Siku ya malipo mfumo unaganda: nani ameshika kufuli?

Swali: "Natunza mfumo wa AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa huku Mbozi. Tuna vituo sita vya kupokelea. Makarani wanapima na kuingiza kilo moja kwa moja kwenye kanzidata ya PostgreSQL iliyo kwenye seva ya ofisini. Siku za kawaida mambo ni shwari. Siku ya malipo, mhasibu akianza kuwalipa wakulima kwa simu, makarani vituoni wanabaki wanatazama kioo, wakati mwingine dakika kumi na tano. Mmoja mmoja anapata ujumbe 'deadlock detected'. Nikizima seva na kuiwasha panatulia saa moja, kisha hali inarudi. Mwenyekiti anataka tununue seva kubwa. Aliyetutengenezea mfumo anasema kanzidata imeharibika, tuhamie nyingine. Na wiki iliyopita mkulima mmoja alikutwa na risiti mbili za mzigo mmoja. Nimesoma kwamba mtu anaweza kuua muunganisho unaozuia wengine, lakini naogopa kugusa hela za watu. Nianzie wapi?"

Jibu:

Ndugu yangu, pole na hekaheka za msimu. Nianze na lile linalokunyima usingizi: kwa haya uliyoeleza, kanzidata yenu haijaharibika. Ujumbe wa "deadlock detected" hausemi kwamba data imeoza. Unasema seva imegundua miamala miwili (muamala ni kundi la amri zinazokamilika zote au kutenguliwa zote) inasubiriana, kila mmoja unadai kilichoshikwa na mwenzake, na imeukata mmoja ili mwingine upite. Uliokatwa unatenguliwa wote tangu ulipoanza. Hakuna kilo zilizoingia nusu wala malipo yaliyoandikwa nusu. Kuhamia kanzidata nyingine hakutawasaidia. MySQL, SQL Server na Oracle nazo zina makufuli, na nazo hukutana na hali hiyohiyo. Mtahama na programu yenu ileile, na ugonjwa utapanda gari pamoja nanyi.

Ila umefunga matatizo mawili kwenye kiroba kimoja, na hatuwezi kutibu lolote mpaka tuyatenganishe.

La kwanza ni foleni. La pili ni huo mkwamo wa kusubiriana, ambao kuanzia hapa nitauita mkwamo tu. Watu wengi huyachanganya kwa sababu yote mawili yanaonekana vilevile kwenye kioo cha karani: kitu kinazunguka, jibu halirudi. Lakini PostgreSQL ina kipimo kinachotusaidia kuyatofautisha. Muamala ukisubiri kufuli kwa sekunde moja, seva inasimama na kuchunguza kama kuna mduara wa kusubiriana. Muda huo unaitwa deadlock_timeout, na usipoubadilisha ni sekunde 1. Ikikuta mduara, inamkata mtu papo hapo. Kwa hiyo mkwamo wa kweli ndani ya kanzidata hauishi dakika kumi na tano. Hauishi hata dakika moja. Karani wako aliyekaa robo saa yuko kwenye foleni, nyuma ya mtu aliyeshika kufuli na hataki kuliachia. Huyo ndiye wa kutafutwa kwanza.

Tuelewane kuhusu kufuli lenyewe. Muamala unapobadilisha mstari kwenye jedwali, tuseme salio la mkulima namba 412, unashika kufuli la mstari huo na kukaa nalo mpaka muamala wote ufungwe kwa COMMIT (kukamilisha) au ROLLBACK (kutengua). Angalia neno "wote". Amri yenyewe ya kubadilisha salio inaweza kuchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini muamala ukibaki wazi dakika kumi, kufuli nalo linabaki dakika kumi. Mwingine anayetaka kubadilisha mstari huohuo atasubiri. Anayetaka kuusoma tu hasubiri, maana PostgreSQL inampa nakala ya mwisho iliyokamilika. Ndiyo sababu siku hizo unaweza kufungua ripoti vizuri kabisa huku makarani wanalia, ukaishia kulaumu mtandao wa vituoni bure.

Bila shaka umewahi kupita mlima Kitonga. Lori likikatika ekseli kwenye kona, magari yanajipanga nyuma yake hadi huko chini kabisa. Dereva wa basi aliye mkiani haoni lori. Anaona mgongo wa gari lililo mbele yake. Ukimuuliza nani kakuzuia, atakutajia huyo wa mbele, ambaye naye kazuiwa. Ukitaka kuifungua njia unapanda kwa miguu, gari baada ya gari, mpaka ulifikie lile ambalo mbele yake hakuna kitu na bado haliondoki. Kuchunguza foleni ya makufuli ni safari hiyohiyo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kumkuta dereva wa basi anayepiga honi sana na kumshusha yeye.

Mkwamo ni tofauti. Chukua madaftari mawili, la wakulima na la ghala. Karani wa kituo ameshika ukurasa wa mkulima, ameshaandika kilo, sasa anataka daftari la ghala aongeze jumla. Wakati huohuo mhasibu ameshashika daftari la ghala, na anataka ukurasa wa mkulima yuleyule apunguze deni la pembejeo. Hakuna aliyekosea hesabu wala anayechelewa. Wamekutana tu wakitoka pande mbili, na hata ungewapa siku nzima hawatapishana. Mwaka 1971 mtafiti wa kompyuta Coffman na wenzake walionyesha kwamba hali hii inahitaji mambo manne yakutane: kitu kisichoshikika na wawili kwa pamoja, mtu kushika kimoja huku akisubiri kingine, kutokuwepo wa kumnyang'anya, na kusubiriana kwa mduara. Ukivunja moja tu, mkwamo hautokei. Kwenye kazi yetu rahisi kuvunja ni la nne, na nitalirudia.

Sasa, msimbo wa programu yenu sijauona, lakini maneno yako "akianza kuwalipa wakulima kwa simu" yalinifanya nisimame. Mifumo mingi ya malipo niliyokagua huku nyanda za juu ilikuwa imeandikwa hivi: fungua muamala, punguza salio la mkulima, punguza jumla ya kituo, tuma ombi kwenye kampuni ya simu, subiri jibu, kisha funga muamala. Mtandao ukiwa mzuri hakuna anayegundua. Mtandao ukisinzia, jibu likachukua sekunde arobaini, basi mstari wa mkulima na mstari wa jumla ya kituo vimefungwa sekunde arobaini. Wakulima mia mbili wakiwa ndani ya muamala mmoja, mistari yao inazidi kurundikana mkononi mwa mhasibu mpaka wa mwisho alipwe. Na mstari wa jumla ya kituo ndio kila karani anaouhitaji kwa kila mzigo. Hapo ndipo ningeanza kushuku.

Usinisadiki, thibitisha. Siku ya malipo ijayo, mfumo ukiganda, mkono usiende kwenye kitufe cha kuzima. Ukizima seva unawakata wote, mwenye kosa na asiye na kosa, na unafuta ushahidi wote wa nani alikuwa amemzuia nani. Utulivu wa saa moja unaoupata unatokana na kwamba mhasibu anakuwa bado hajarudi pale alipoachia. Fungua psql, dirisha la kuandikia amri za PostgreSQL, kwa mtumiaji mwenye haki ya pg_monitor, maana bila haki hiyo hutaona amri za wengine, kisha endesha hii:

```
SELECT pid, usename, application_name, state,
       now() - xact_start AS umri_wa_muamala,
       wait_event_type,
       pg_blocking_pids(pid) AS wanaomzuia,
       left(query, 80) AS amri
FROM pg_stat_activity
WHERE datname = current_database()
  AND xact_start IS NOT NULL
ORDER BY xact_start;
```

Amri hii inasoma tu, haimgusi mtu. Inahitaji PostgreSQL 9.6 au ya baadaye. Hifadhi matokeo yake kwenye faili, rudia baada ya sekunde thelathini, hifadhi tena. Picha mbili zinakuonyesha nani anatembea na nani kasimama.

Namna ya kusoma: wenye neno Lock kwenye wait_event_type ndio walio kwenye foleni. Kolamu ya wanaomzuia inakupa namba ya gari la mbele. Ifuate namba hiyo kwenye orodha. Kama naye ana mtu mbele, endelea. Utafika kwa mmoja ambaye orodha yake ya wanaomzuia ni tupu. Huyo ndiye lori. Mtazame state yake. Ikiwa active, anafanya kazi kweli, labda kazi nzito. Ikiwa idle in transaction, ameshika makufuli na hafanyi chochote ndani ya kanzidata. Anasubiri kitu cha nje, iwe jibu la kampuni ya simu, au binadamu aliyekwenda kula. Kwa maelezo yako natarajia ukute hii ya pili.

Hapo pana mtego ambao umewapoteza hata wazoefu. Kwa mtu aliye idle in transaction, kolamu ya amri inaonyesha amri yake ya mwisho, si ile iliyoshika kufuli. Utakuta SELECT isiyo na hatia, ukajiambia kusoma hakuzuii mtu, ukampita. Kufuli alilishika dakika tano kabla, kwa UPDATE ambayo haionekani tena. Anayesubiri hupiga kelele na anayezuia hukaa kimya. Ndiyo maana nakusihi ufuate namba na uache kufuata maneno.

Niliwahi kuitwa Makambako, kwenye ghala moja la mahindi, mfumo ulikuwa unaganda kila siku saa saba mchana na kufunguka wenyewe kama saa nane na nusu. Walikuwa wameshabadilisha nyaya za mtandao. Kumbe msimamizi mmoja alikuwa anasahihisha idadi ya magunia kwa mkono kupitia dirisha la kuandikia amri, huku kukamilisha kiotomatiki kumezimwa. Anabadilisha mstari wa ghala, anauangalia, anaona sawa, anakwenda kula. Akirudi anabonyeza kukamilisha. Hakuwa mzembe hata kidogo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kwa saa nzima na nusu ghala lote lilikuwa limekaa mkononi mwake.

Tuje kwenye kuua, ambako hofu yako ni ya haki na ningependa ubaki nayo. Kuna amri mbili. pg_cancel_backend hukatiza amri inayoendeshwa sasa hivi. Haimsaidii aliye idle in transaction, kwa sababu hana amri ya kukatizwa. pg_terminate_backend hukata muunganisho wote, muamala unatenguliwa na makufuli yanaachiwa. Kwa upande wa kanzidata ni salama. Kamwe usitumie kill -9 ya mfumo endeshi kwa mchakato mmoja wa PostgreSQL: seva itadhani kumbukumbu ya pamoja imechafuka, itawakata watu wote na kuanza kujirejesha, yaani utakuwa umezima kila kitu kwa mlango wa nyuma.

Lakini usalama wa kanzidata si usalama wa hela. Ikiwa muamala wa mhasibu ulishatuma malipo ya wakulima themanini kwenye simu zao, kisha ukaukata, kanzidata itatengua na kusema hakuna aliyelipwa. Hela haitarudi. Mhasibu akianza upya, themanini hao watalipwa mara mbili, na utaanza kazi ngumu ya kuwadai watu ambao hawakukosea. Kwa hiyo, kabla ya kukata muunganisho wa malipo, mpigie mhasibu, msimamishe, pakua taarifa ya kampuni ya simu ya nani ameshapokea, iweke pembeni, ndipo ukate. Muunganisho mwingine wowote, kama dirisha lililosahaulika wazi au ripoti iliyoganda, ukate baada ya kuhifadhi picha. Ule wa malipo uheshimu.

Kwa ule mkwamo wenyewe, ushahidi haupo kwenye kioo cha karani. Yeye anapewa namba za michakato tu na maelekezo ya kuangalia logi ya seva, yaani faili inamoandika matukio yake. Huko ndiko utakuta amri zote mbili zilizofungana, moja chini ya nyingine. Washa pia log_lock_waits, ambayo kwenye matoleo mengi imezimwa usipoigusa; kila atakayesubiri zaidi ya ile sekunde moja ataandikwa. Haihitaji kuzima seva, ni kupakia upya mipangilio kwa pg_reload_conf. Na kila kituo kijitambulishe: weka application_name tofauti kwa Vwawa, Mlowo, Igamba na vingine, na ongeza alama ya %a kwenye log_line_prefix ili jina hilo lionekane kwenye logi. Kazi ya nusu saa, lakini ndiyo itakayokutoa kwenye "mfumo umeganda" na kukufikisha kwenye "Mlowo alisubiri sekunde 38 nyuma ya malipo". Kuhesabu mikwamo tangu takwimu zilipoanza kukusanywa, tazama kolamu ya deadlocks ndani ya pg_stat_database. Iandike asubuhi na jioni ya siku ya malipo, utajua kama dawa inafanya kazi.

Ukitaka kuondoa hofu kabisa, tengeneza mkwamo wako mwenyewe kwenye kanzidata ya majaribio. Fungua madirisha mawili ya psql, kila moja lianze na BEGIN. La kwanza libadilishe mkulima 1, la pili libadilishe mkulima 2. Kisha la kwanza liguse mkulima 2, litasubiri. La pili liguse mkulima 1. Hesabu moja, na mmoja wao ataondolewa. Kisha soma logi. Vijana niliowafundisha kwa njia hii hawakuogopa tena ujumbe ule.

Tiba sasa, na hapa utamhitaji mwandishi wa programu.

Kubwa kuliko zote ni kuutoa mtandao wa simu nje ya muamala. Mhasibu akibonyeza kulipa, mfumo uandike tu kwenye jedwali la malipo kwamba mkulima 412 anadai kiasi fulani, hali yake "inasubiri kutumwa", upunguze salio, ufunge muamala. Imekwisha, makufuli yameachiwa. Programu ndogo pembeni ichukue malipo yanayosubiri, moja moja. Iuchague mstari kwa FOR UPDATE SKIP LOCKED (shika mstari, ruka ulioshikwa na mwingine) ili nakala mbili za programu hiyo zisinyang'anyane, iubadili kuwa "unatumwa" na ifunge muamala. Baada ya hapo, bila kushika kufuli lolote, itume ombi kwenye kampuni ya simu likiwa na namba ya pekee ya malipo hayo. Jibu likirudi, ifungue muamala mwingine mfupi wa kuandika "imelipwa" au "imekataliwa". Jibu lisiporudi, hali inabaki "haijulikani", na mtu anaangalia taarifa ya kampuni kabla ya kutuma tena. Ukifanya hili peke yake, natarajia zile dakika kumi na tano ziondoke.

La pili ni ule mduara. Kila sehemu ya programu ishike vitu kwa mpangilio mmoja: wakulima kwanza, kwa namba zao kutoka ndogo kwenda kubwa, ghala mwisho. Mhasibu hivyo, karani hivyo, ripoti ya marekebisho hivyo. Wakishuka wote kwa mlango mmoja hakuna wa kugongana naye. Angalizo: UPDATE moja inayogusa wakulima wengi haikuahidi itawashika kwa mpangilio gani, kwa hiyo tanguliza SELECT yenye ORDER BY na FOR UPDATE ndani ya muamala huohuo, ndipo ubadilishe. Nimesema ghala mwisho kwa makusudi, kwa sababu mstari wa jumla ya ghala ndio unaogombaniwa kuliko yote, na anayeushika mwisho anaushika kwa muda mfupi zaidi. Bora hata kuliko hapo ni kuacha kabisa kuhifadhi jumla. Andika kila mzigo kama mstari mpya wa kuingia na kila utoaji kama mstari wa kutoka, na jumla ijumlishwe inapohitajika. Kwa AMCOS ya ukubwa wenu kujumlisha mistari ya msimu mmoja si mzigo kwa kompyuta, na hakuna tena mstari wa kugombania.

Hata ukifanya hivyo vyote, mkwamo mmoja mmoja unaweza kutokea, na programu iwe tayari. Kosa lenye namba 40P01, ndilo la mkwamo, lisimfikie karani. Programu irudie muamala wote tangu mwanzo, si amri ya mwisho tu, baada ya kusubiri kidogo, mara tatu hivi, kabla ya kukata tamaa.

Kisha weka mipaka ya muda. lock_timeout ya sekunde tano kwa makarani ina maana kwamba akikwama atapata jibu la wazi "jaribu tena" badala ya kuzubaa. idle_in_transaction_session_timeout ya dakika moja au mbili ingemkata yule wa Makambako kabla hajafika mgahawani. Zote mbili zikiachwa zilivyo ni 0, yaani subira isiyo na mwisho. Lakini usiiwashe hiyo ya pili kabla malipo ya simu hayajatolewa nje ya muamala, maana itamkata mhasibu katikati ya kutuma, na tumeshaona hilo linaishia wapi.

Seva kubwa je? Nimtendee haki mwenyekiti: ikiwa diski yenu ni ya zamani na kila COMMIT inachelewa, diski ya SSD itafupisha miamala yote na foleni zitapungua. Lakini muamala unaosubiri jibu la kampuni ya simu utasubiri vilevile hata kwenye seva ya bei ya lori la kahawa. Akubali kungoja siku mbili za malipo. Ukipata picha za pg_stat_activity, mwonyeshe.

Neno moja la ziada, kwa sababu najua litakuja mwandishi akianza kurekebisha. Asiongeze kolamu mchana. ALTER TABLE huhitaji kufuli linalozuia kila mtu, hata msomaji. Likikuta muamala mmoja mrefu mbele yake litasubiri, na kila atakayekuja baada yake atapangwa nyuma yake, hata wale wanaosoma tu. Amri ambayo ingechukua nukta moja inasimamisha ofisi nzima. Afanye usiku, na aweke lock_timeout fupi kabla ya amri hiyo. Faharasa mpya zijengwe kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY ili makarani waendelee kuandika.

Kwa wasomaji wa MySQL wanaotumia InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, mawazo ni yaleyale ila namba ni nyingine. Kosa 1213 ni mkwamo, na muamala wote umetenguliwa. Kosa 1205 ni foleni iliyozidi muda, ambao usipobadilishwa ni sekunde 50, na hapo kwa kawaida inatenguliwa amri ya mwisho tu. Muamala bado uko wazi na bado umeshika makufuli yake ya awali, kwa hiyo programu lazima iseme ROLLBACK yenyewe. SHOW ENGINE INNODB STATUS inaonyesha mkwamo wa mwisho pekee. Washa innodb_print_all_deadlocks upate yote kwenye logi.

Ni lini umwite mtu aje akae nawe? Logi ikitaja kushindwa kusoma sehemu ya faili au ukurasa usio halali, hapo ndipo neno "imeharibika" linaanza kuwa na maana. Usijaribu kurekebisha mwenyewe: zima seva, nakili folda yote ya data, tafuta mtaalamu siku hiyohiyo. Ukikuta namba 0 kwenye kolamu ya wanaomzuia, kuna muamala ulioandaliwa na kuachwa bila kufungwa, na hauondoki hata seva ikizimwa. Uliza kabla ya kuugusa. Na ikiwa aliyewatengenezea mfumo hataki kuonyesha msimbo, bodi iombe mtu wa tatu aukague akiwa hapo ofisini siku ya malipo, si kwa simu. Mbeya mjini hawakosekani wanaoijua kazi hii, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Iyunga ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia. Atakayekuja mpe zile picha mbili, logi ya siku nzima, na nakala ya kanzidata iliyotolewa kwa pg_dump ikapandishwa kwenye kompyuta nyingine. Kutoa nakala hiyo hakutawazuia makarani kuandika.

Yule mkulima mwenye risiti mbili nimemwacha mwisho kwa sababu jibu lake sasa linaonekana. Karani alibonyeza hifadhi, ombi likaingia foleni nyuma ya malipo, kivinjari kikachoka kusubiri, karani akadhani limepotea, akabonyeza tena. Foleni ilipofunguka yote mawili yakapita. Kila mzigo upewe namba ya pekee pale mzani unaposomwa, kabla ya kubonyeza hifadhi, na jedwali la risiti liwe na sharti la UNIQUE juu ya namba hiyo. Ombi la pili litakataliwa na kanzidata yenyewe. Risiti ya ziada iliyokwishaingia usiifute. Iandikie risiti ya kuitengua, yenye tarehe, sababu na jina la aliyeidhinisha, na mwite mkulima aione ikiandikwa, akiwa na karatasi yake ya mzani mkononi.